Printa ya waifai ya nyumbani kwa mtu anayeprinti mara moja moja: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Likizo ikianza tu swali linarudi. Mwalimu karusha maswali ya darasa la sita kwenye grupu la wazazi, PDF kurasa kumi na mbili, steshenari ya mtaani umeme hamna au kuna foleni ya watu wa fomu, mzazi anauliza jamani ninunue printa gani ya waifai ikae tu hapa nyumbani, situmii sana. Na jibu analopewa karibu kila mara ni lile lile, chukua ya matenki, zile unazojaza wino kwa chupa, wino wake bei rahisi. Hilo jibu linamfaa mwenye steshenari. Kwa mtu anayeprinti mara mbili tatu kwa mwezi naona linampoteza kabisa, na hela ya printa sio ya kuokota.

Printa ya nyumbani haifi kwa kazi nyingi, inakufa kwa kukaa. Zile za wino zina hedi, yaani kichwa kinachotema wino, yenye vitundu vidogo mno, wino wenyewe una maji, ukikaa wiki kadhaa bila kutoka unaanza kuganda kwenye vile vitundu, sasa weka na joto letu na vumbi, siku unayoihitaji inatoa mistari mistari au rangi moja imepotea kabisa. Unabonyeza kusafisha hedi, inakunywa wino, unabonyeza tena, inakunywa tena, bado mistari ipo. Leza haina hiyo habari kwa sababu haina wino, ina tona ambayo ni unga mkavu unaoyeyushwa kwa joto ukashika kwenye karatasi, kwahiyo hata ukiiacha miezi minne mitano ukija kuiwasha inatoa maandishi vile vile.

Kabla hujauliza bei piga hesabu ya kurasa zako. Chukua mtu wa kurasa 20 kwa mwezi, mwaka mzima ni 240. Chupa nyeusi ya Epson ya matenki inahesabiwa kurasa 4,500 hivi, maana yake mtu huyu angeitumia zaidi ya miaka 18, hiyo printa itafika huko kweli? Tona ya leza ndogo ya kurasa 1,000 inamtosha miaka minne. Hata ile tona ya kuanzia inayokuja ndani ya boksi, ambayo mara nyingi haijajazwa kamili, tuseme ya kurasa 500, inampeleka miaka miwili hajagusa mfuko. Ndo maana nasema wino wa bei rahisi ni faida kwa anayeumaliza.

Na kuna mtu ambaye hatakiwi kununua chochote. Kama steshenari iko hatua chache na ukurasa ni shilingi 200, kurasa 240 ni elfu 48 kwa mwaka, printa haiwezi kushindana na hiyo. Ila mimi kinachonifanya nitetee printa ya nyumbani ni kitu kingine, nyaraka. Watu tunatuma vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mikataba ya nyumba, barua za hospitali kwenye namba ya WhatsApp ya dukani, zinabaki pale kwenye kompyuta ambayo kila mtu anachomeka flashi yake. Hilo peke yake kwangu linatosha mtu kuwa na printa yake ndani.

Haya, namba moja ni leza nyeusi, yaani inayotoa rangi nyeusi tu, yenye waifai. Kama unataka kuprinti tu, angalia HP Laser 107w au LaserJet M111w, Canon LBP6030w, Pantum P2500W. Kama unataka na kutoa kopi na kuskani basi HP Laser MFP 135w, LaserJet M141w, au Pantum za M6500 zenye W. Zote zinatoa kama kurasa 18 mpaka 22 kwa dakika, kwa nyumbani hiyo ni mbio kuliko unavyohitaji. 107w na 135w zote zinakula tona ya 106A, kurasa 1,000, M111w na M141w zinatumia 150A ambayo haifiki hata elfu, ni kama 975, Canon ile ni katriji (kasha la tona) 725 ya kurasa 1,600, na Pantum pia inacheza kwenye 1,600. Hapa mimi ningeangalia sana nani anajaza tona mtaani kwako. Hizo 106A zina chipu inayohesabu, fundi akikujazia unga bila kubadilisha chipu printa itaendelea kukwambia tona imekwisha, kwahiyo muulize kabisa bei ya kujaza pamoja na chipu, asije akakupa bei ya unga peke yake.

Ubaya wa leza nyeusi ni mmoja wa wazi, rangi hamna. Mtoto akipewa ramani ya rangi utaenda steshenari siku hiyo na utalipa, ni sawa tu. Ubaya wa pili watu hawausemi, umeme. Leza inapasha joto ndani, inavuta wati mia kadhaa kwa mpigo wakati ya matenki inatumia kama wati 12 tu. Kwenye LUKU hutaiona sana maana unaprinti kidogo, lakini kama nyumba yako inaendeshwa na sola yenye inveta ndogo, au unataka kuichomeka kwenye UPS ya kompyuta, kile kiboksi cha betri cha umeme ukikatika, achana na leza, UPS ndogo itazidiwa, na watengenezaji wenyewe wanakataza kuchomeka leza huko. Watu wa sola tupu nendeni namba mbili.

Namba mbili ndio hizo za matenki, na nisieleweke vibaya, ni mashine nzuri sana kwa nyumba yenye watoto wa shule ambao kila wiki lazima kitoke kitu cha rangi, au mama mwenye biashara ya keki anayetoa lebo. Epson L3250 ndo utaikuta kila duka, kuna Canon G3420 na ndugu zake, kuna HP Smart Tank 580. Zote zinaprinti, zinaskani, zinatoa kopi. Tofauti ninayoijali ni hedi: kwenye Canon hizi na HP hedi unaweza kuichomoa na kuweka nyingine mwenyewe, kwenye Epson hedi imefungwa ndani, ikiziba vibaya ni kazi ya fundi na mara nyingi bei yake inakukatisha tamaa. Epson kwa upande wake hedi yake haitumii joto kusukuma wino, inadumu, ila inataka kutumika. Wino wa L3250 angalia boksi au kibandiko, kuna zinazotumia chupa za 103 na kuna zilizotoka masoko mengine zinatumia 003, usinunue chupa kwa kuangalia picha ya printa.

Ukichukua ya matenki yashike haya. Kila wiki, ikizidi sana mbili, toa ukurasa mmoja wenye rangi zote. Zima kwa kitufe chake, usizimie ukutani, kwa sababu ikizimwa kwa kitufe hedi inarudi kwenye kifuniko chake na kuzibwa isikauke, ukikata umeme ghafla inabaki wazi pale ilipofika. Umeme wa Tanesco ukikatika katikati ya kazi, ukirudi iwashe, iache imalize, halafu uizime vizuri. Usisafishe hedi mara tano mfululizo, ule wino unaotoka unaingia kwenye pedi ya chini na pedi ikijaa printa inagoma kabisa mpaka ishughulikiwe. Na usiibebe imelala kwenye bodaboda, wino unamwagika ndani, hiyo ndo imeua nyingi wakati wa kuhama nyumba.

Namba tatu, leza ya mtumba, HP P1102w. Hii ilitoka 2010, ofisi nyingi zilikuwa nazo, na ukitembea Kariakoo au kwa wale wa Nairobi Luthuli Avenue hukosi. Inatumia tona ya 85A ya kurasa 1,600 na 85A karibu kila fundi anaijaza, spea zipo. Haiskani, na kuiunganisha waifai mara ya kwanza utahitaji kompyuta na waya wa USB. Kama una laptop na hela ni kidogo ningekwambia chukua hii kuliko mpya ya katriji ndogo. Omba itoe kurasa kama ishirini mfululizo mbele yako, angalia kama inameza karatasi mbili mbili, na ukisugua maandishi kwa kidole yasifutike, yakifutika ile sehemu ya joto imechoka.

Ya mwisho ni hizo ndogo za katriji za wino, mfano DeskJet 2720, ambazo zinapendeza macho na bei yake mara nyingi ni kama theluthi ya bei ya matenki. Katriji yake ya 305 nyeusi ni kurasa 120 hivi, ya rangi 100. Mia na ishirini tu! Nenda ulizia bei ya katriji hiyo, gawa kwa 120, utaona ukurasa mmoja unazidi wa steshenari. Kizuri chake kimoja ni kwamba hedi iko kwenye katriji yenyewe, ikikauka unabadilisha katriji na printa inarudi mpya, kwahiyo mtu anayeprinti kwa nadra sana na lazima apate rangi na hana nafasi ya kulea matenki, sawa. Ila ukikuta jina linaishia na e, kama 2720e, na umeiwasha kwa ule mpango wa HP+, basi itadai intaneti muda wote na katriji orijino za HP tu. Kwa maisha yetu ya bando hapana.

Tena ndugu zetu wa Marekani wanapenda kuleta printa zawadi. DeskJet 2755 ya kule inatumia katriji 67, sio 305, na huku hiyo 67 utaitafuta mpaka uchoke. Wakileta leza ndo tatizo zaidi, leza za kule nyingi ni za volti 110, ukichomeka kwenye 230 yetu imeungua. Mwambie akupigie picha kile kibandiko cha umeme nyuma kabla hajabeba.

Sasa waifai yenyewe, maana hapa ndipo watu wanauziwa kitu wasichotaka. Majina yanafanana mno. L3210 haina waifai, L3250 inayo. 107a haina, 107w inayo. LBP6030 haina, LBP6030w inayo. G2420 haina, G3420 inayo. DeskJet 2320 haina, 2720 inayo. Umbo karibu lile lile, na muuzaji aliyeishiwa moja atakwambia hizi ni sawa tu. Soma namba kwenye kibandiko cha mashine, sio kwenye bango la duka.

Ukiwa huna rauta usiogope, hizi nyingi zina Wi-Fi Direct, simu inaongea na printa moja kwa moja bila bando hata kidogo. Wenye rauta au hotspoti kumbukeni nyingi za bei hii zinashika masafa ya 2.4 GHz tu, rauta ikiwa imewekwa 5 GHz peke yake printa haitaiona hata ufanyeje. Kwenye iPhone 12 kuja juu ukitoa hotspoti washa Maximize Compatibility, hapo inashuka 2.4. Android weka ile app ya kuprinti ya Mopria Print Service, iPhone uliza kama printa ina AirPrint, njia ya Apple ya kuprinti moja kwa moja.

Karatasi kidogo. Rimu ya A4 ya gramu 80 yenye karatasi 500 kamili inatakiwa ifike kilo 2.5 hivi, ukiiweka kwenye mzani ikaja 2.2 hiyo ni ya gramu 70 au imepungua. Kwa wa Tanga, Zanzibar, Mombasa, usiache karatasi zimelala kwenye trei wiki nzima, zinavuta unyevu zinajikunja na kukwama, rudisha kwenye ganda lake funga.

Dukani, kabla hujatoa hela, waambie waiwashe, uiunganishe na simu yako wewe, sio ya muuzaji, na utoe PDF moja ya kurasa tatu. Ya matenki usikubali wajaze wino kama hujaamua, ikishajazwa hairudi. Dai risiti ya EFD yenye jina kamili la modeli, na namba ya mashine waandike kwenye kadi ya waranti pale pale mkiwa mmesimama.