AC na hita ya Canter mzee: fundi wa Grogan, nyota nne kwa tano

Wacha niandike hii kabla nisahau, juu nilikuwa nimeshakata tamaa na hii mambo kabisa.

Niko na Canter ya 2004, ile ya dizeli ya volti 24, imekula barabara mpaka odometa ikasimama yenyewe. Hilo lori linabeba viazi na kabeji kutoka Njabini kuleta soko la Marikiti, Nairobi. Kama unaijua hiyo njia, dereva anatoka huko saa tisa usiku, anatokea Flyover, akifika Kinale ukungu unammeza mzima mzima, na mwezi wa saba hiyo baridi inaingia kwa mifupa. Hita haikuwa inafanya. Jamaa alikuwa anaendesha na mkono mmoja, wa pili uko na kitambaa anafuta kioo kwa ndani, anafuta kinaingia mvuke tena. Siku moja nilipanda naye nikaona vile hali iko, nikamwambia hii gari hairudi Njabini kabla itengenezwe.

Shida zenyewe zilikuwa hivi. Swichi ya blowa, ile feni ya kupuliza upepo, iko na ya kwanza mpaka ya nne. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Ya nne inanguruma kama kisiagi. Kale kamkono ka moto na baridi ukikasukuma mpaka mwisho wa nyekundu unapata hewa vuguvugu, ukikarudisha kwa bluu, vuguvugu ile ile. AC ukiwasha taa ya kijani inawaka vizuri sana, baridi hakuna.

Mafundi wa kwanza siwataji wala mtaa wao. Wa kwanza alisema gesi imeisha, akajaza, 3,500. Wiki haijaisha nikarudi, akasema inavuja, akajaza tena, 3,500 ingine, na wala hakuangalia inavujia wapi. Wa pili akasikiliza injini kama dakika moja hivi akasema kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, imekufa, niandae 25,000. Na kitu iliniuma zaidi, wote wawili walikuwa wanaongea na dereva, "ambia madam hivi, ambia madam vile," na madam ndiye huyu amesimama hapo na ndiye analipa!

Sasa mama mmoja tunauza naye Marikiti akanielekeza Grogan, huko chini ukishuka kutoka Kirinyaga Road, kwa fundi mmoja anashughulika na AC za malori na matatu. Ukifika hapo mabroka watakuvamia, mathe unatafuta nini, mathe kuja nikuonyeshe, wewe songa tu. Mahali penyewe ni banda la mabati na meza moja imejaa waya, usitarajie ofisi.

Huyu mzee hakugusa spana kwanza. Aliniuliza, "Mama, shida ni upepo hautoki, ama unatoka lakini si moto wala si baridi?" Mimi nikasema yote. Akacheka, akasema basi hizo ni kesi tatu, tusizichanganye. Akaanza na upepo. Akamwambia dereva azungushe swichi, akasikia ya nne inavuma, akasema mota ni nzima na fyuzi ni nzima, juu umeme wa ya nne huenda moja kwa moja, hizo tatu za chini ndizo hupitia kwa rezista, kale kakitu ka kupunguza umeme. Akalala chini ya dashibodi upande wa abiria, skrubu mbili, akatoa kitu kama kiganja cha mtoto, kisahani kiko na vispringi vya waya mgongoni. Kimoja kimekatika katikati, ncha zake zimekuwa nyeupe kama majivu, na plagi yake ya plastiki imeyeyuka upande mmoja ikawa rangi ya kahawa. Alinipea nishike. Hakuna fundi alikuwa amewahi kunionyesha kitu hapo mbeleni.

Mimi nikadhani imeisha, weka ingine twende. Akakataa. Akasema hii haikuungua bure, rezista hukaa pale kwa njia ya upepo ndio upepo uipoze, upepo ukiwa mdogo inajichoma. Akafungua blowa yenyewe na wueh, maganda ya vitunguu, nywele za gunia, vumbi la Njabini limeshikana kama ugali, na kiota cha panya kimepangwa vizuri kuliko kitanda changu. Dereva aliangalia kando.

Kununua rezista tulienda na yeye kwa duka la spea karibu na hapo, na broka mmoja akaja mbio na moja ya gari ndogo, plagi inaingia sawa sawa, 800 tu. Mzee akaikataa hata bila kuishika. Hiyo ni ya volti 12, kwa lori la 24 itapitisha umeme mwingi kuliko inavyoweza na itaungua tena. Tukachukua ya Canter, eksi Japani, yaani iliyotumika huko Japani, 2,200. Ningekuwa peke yangu ningebeba ya 800 na ningejiona mjanja.

Kesi ya pili ikawa moto. Aliacha injini ipate joto, akafungua kebini, akaniambia shika hizi paipu mbili za hita, pole pole. Moja ilikuwa inachoma, ya pili vuguvugu tu. Akasema maji yanaingia kidogo kidogo, koki imefunguka nusu. Kale kamkono ka dashibodi huvuta kebo, na kebo ndiyo inafungua hiyo koki. Akanionyesha: kaklipu ka kushika kebo kalikuwa kamechomoka, kwa hivyo unasukuma mkono mpaka uchoke, kebo inacheza hewani tu, na koki imekwama pale pale katikati labda tangu nilipoinunua. Akaipaka mafuta, akaizungusha na koleo mpaka ikalegea, akarudisha kebo na klipu ya waya. Hakuna spea hapo.

Kesi ya tatu ikawa baridi, na hapa ndipo nilitaka kulia juu ya ile 7,000 yangu ya gesi. AC ilikosa baridi sababu hewa ikishapozwa ilikuwa inapita kwa hita ambayo iko na maji ya moto saa zote! Kwa ya kwanza mpaka ya tatu hakukuwa na upepo, kwa hivyo kule ndani hewa inapopozwa kunakaribia kuganda barafu na sensa inakata kompresa. Akaweka geji zake za kupima presha ya gesi, paipu ya bluu na ya nyekundu, ile nyekundu ikapanda sana. Gesi haikuwa imeisha, ilikuwa imezidi, na ikizidi presha inapanda mpaka swichi inazima kompresa kuiokoa. Akapunguza gesi ikaingia kwa mtungi wake mpaka geji zikatulia. Kompresa "iliyokufa" ikashika, tak, na baada ya dakika chache vidole vyangu kwa matundu ya dashibodi vilikuwa vinauma na baridi.

Kitu kingine alimwambia dereva, na hiyo ilikuwa bure. Ile swichi ya hewa ya nje na ya ndani, jamaa alikuwa ameiacha kwa ya ndani miaka yote akiogopa vumbi. Ukungu ukiingia weka ya nje, washa moto na AC pamoja, juu AC hukausha hewa na kioo kinasafika haraka. Dereva alidhani AC ni ya joto la Mtito Andei tu.

Bili yote 5,700: rezista 2,200, plagi na waya 500, kazi 3,000. Nililipa kwa M-Pesa, risiti hakuna, ni karatasi ya daftari tu.

Nyota moja nimemnyima. Alisema nije saa mbili, yeye akafika saa nne kasoro na hakuomba pole. Kiti cha kungojea ni mtungi wa rangi umepinduliwa. Lori halina mahali pa kusimama vizuri, dereva alishinda amekaa kwa usukani akichunga kanjo, wale askari wa kaunti. Na wakirudisha dashibodi, kijana wake alisahau skrubu moja, sasa kuanzia Uplands mpaka Limuru kuna kitu kinagonga tiki tiki tiki, dereva amesema atanirudishia gari hiyo kelele isipoisha. Nitarudi Alhamisi nikidai skrubu yangu.