Semina ya Unyakuo, Sinza: neno moja lilifafanuliwa, la pili likarukwa

Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya jioni nne juu ya unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa juu kumlaki Kristo ajapo, iliyoandaliwa na huduma moja ya Kikristo katika ukumbi wa Sinza, Dar es Salaam, kwa ada ya shilingi 15,000 pamoja na kabrasha, chai na maandazi. Fedha yangu haikupotea, ingawa jambo nililolifuata hasa sikulipata.

Jioni ya kwanza ilikuwa bora kuliko zote. Mchungaji aliyefundisha alianza na 1 Wathesalonike 4:17, akaeleza kwamba kitenzi cha Kigiriki harpazo, kilichotafsiriwa "tutanyakuliwa", ndicho kilichotumika Roho alipomnyakua Filipo katika Matendo 8:39, na Paulo anaposimulia habari za mtu aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu. Kisha, kwa mfano wa mwewe na kifaranga, akatuonyesha kwamba neno hilo hubeba ghafula na nguvu ya tendo, wala halina ratiba ndani yake. Laiti angeendelea hivyo.

Jioni ya pili na ya tatu zilimezwa na mchoro wa nyakati: unyakuo wa siri, miaka 7 ya dhiki kuu (mateso makubwa ya siku za mwisho), ndipo Kristo arudi hadharani. Tulielezwa kana kwamba Wakristo wote wameupokea mpangilio huo tangu enzi za mitume, ilhali ulipata umbo lake katika miaka ya 1830 kwa mhubiri John Nelson Darby, ukaenezwa na Biblia yenye maelezo ya Mmarekani Scofield iliyotoka mwaka 1909. Wakatoliki na Walutheri, ambao katika jiji hili si wachache, hufundisha ujio mmoja ulio wazi. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba muda hautoshi. (Kwa matangazo ya sadaka ulitosha mara tatu.)

Kilichonisikitisha zaidi ni kurukwa kwa neno la pili la aya ile ile. Paulo anasema tutanyakuliwa "ili tumlaki Bwana hewani", na neno la Kigiriki la hapo, apantesis, ndilo la wanawali waliotoka kumlaki bwana arusi katika Mathayo 25, tena ndilo la ndugu waliotoka Roma hadi Soko la Apio kumpokea Paulo. Mswahili hahitaji kamusi hapa: aendaye uwanja wa ndege kumlaki mgeni hapandi ndege kwenda alikotoka mgeni, bali humleta nyumbani. Wapo wafafanuzi wanaoisoma aya hivyo, kwamba waamini humlaki Kristo na kurudi naye duniani, na wapo wanaopinga, wakisema neno peke yake haliamui safari inaelekea wapi. Mjadala huo ulistahili jioni nzima.

Chai ilikuwa ya moto, maandazi laini. Kabrasha limetolewa nakala hafifu kiasi kwamba mchoro wenyewe hausomeki, na kila jioni tulianza kwa kuchelewa karibu saa nzima, kisingizio kikiwa foleni ya magari ya barabara ya Shekilango. Atakayekwenda itakaporudiwa achukue Biblia yake na aketi mbele, kwa kuwa spika za nyuma hazifanyi kazi.