Niliomba maua ya kutambaa mawe, nikauziwa gugu: uzoefu wangu na kitalu kimoja cha Mwanza

Nasema mapema kwamba mwenye bustani ya mawe asiende kununua miche katika kitalu nilichonunua mimi, na ninayasema haya nikiwa bado nina hasira. Jina lake sitalitaja. Nilikwenda pale kutafuta maua mafupi ya kutambaa kwa ajili ya mteremko wa mawe ulio nyuma ya nyumba yangu, Isamilo, jijini Mwanza. Nikaeleza mahali pangu palivyo, nikaonyesha picha katika simu, nikachaguliwa aina nne, nikalipa bila kuomba nipunguziwe. Aina tatu kati ya hizo zilikuwa ndizo. Ya nne ilikuwa wedelia, gugu linalotambaa na kuvamia, iliyobandikwa jina la mmea mwingine, na hiyo moja ilitosha kunivurugia kazi niliyoifanya kwa misimu kadhaa.

Anayeishi Mwanza hahitaji kuelezwa habari za mawe. Kule London, bustani ya mimea ya Kew ilipotaka sehemu ya mawe mwaka 1882, mawe yalilazimika kupelekwa na kupangwa kwa mikono ya watu. Sisi tumeyakuta, na nyumba zetu ndizo zilizotafuta nafasi katikati yake. Lakini mawe kuwapo hakumaanishi kwamba kila ua litakubali kukaa. Graniti yetu ikilika kwa jua na mvua hutoa mchanga wa chengachenga ambao haushiki maji wala hauna rutuba ya kutosha. Mchana jiwe hupata joto kali, na usiku huendelea kulitoa polepole hadi mizizi iliyojibanza pembeni mwake ikose kabisa ubaridi. Kuanzia Juni hadi Septemba hakuna mvua ya kutegemea. Kisha masika yanapofika, maji ya jiwe zima huteremka na kukusanyika katika ufa mmoja, kwa hiyo mmea uliokaa pale hupata maji mengi kuliko wenzake walio hatua mbili tu kutoka hapo. Kwa sababu hiyo mmea wa mahali kama hapa unatakiwa uweze kuhifadhi maji katika majani yake, uvumilie kiu, na zaidi ya yote utambae kwa adabu, ukifunika udongo bila kulifunika jiwe. Jiwe ndilo lenye bustani, na maua ni ya kulipamba.

Yote hayo nilimweleza mwenye kitalu. Aliniuzia aptenia, ambayo asili yake ni Afrika Kusini, yenye majani manene ya umbo la moyo na maua madogo ya rangi ya zambarau iliyokolea. Akaniuzia portulaka ya maua mchanganyiko, ambayo kwao ni kusini mwa Brazili, Argentina na Uruguay. Akaniuzia na evolvulusi ya maua ya buluu. Nilipomwambia kwamba ningependa na kitu cha njano ili upande wa chini usipooze, akanipeleka kwenye safu ya viriba vilivyokuwa kivulini, miche yake ikiwa imekatwa fupi na haina ua hata moja, kila kiriba kikiwa na kijiti kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Aptenia ya njano." Niliishika miche ile na kuitazama kwa karibu. Majani yalikuwa yanang'aa, yana meno pembeni, na mengine yalikuwa yamegawanyika ncha tatu. Nikamuuliza kwa nini hayafanani na ya aptenia niliyokwisha kuiweka kwenye boksi. Akanijibu, bila kusita, kwamba ya njano ndivyo ilivyo inapokuwa changa, na kwamba ikikomaa majani yatajaa na kuwa ya mviringo. Huo ulikuwa uongo, na aliusema akinitazama usoni.

Nyumbani niliipanda miche yote kwa uangalifu uleule. Kila ufa niliujaza udongo wa juu, mchanga mkavu na kokoto ndogo kwa vipimo vilivyo sawa, nikakataa ushauri wake wa kumwaga samadi nyingi, kwa maana portulaka ikishiba samadi hutoa majani na kusahau maua. Juu ya udongo nilitandaza kokoto hadi kwenye shingo ya kila mche ili maji yasituame hapo na kuuozesha. Vipande vya aptenia vilivyovunjika njiani niliviacha kivulini kwa siku mbili ili jeraha likauke kabla ya kuvichomeka, kwa sababu kipande kinene kikizikwa kibichi huoza. Kiangazi chote aina zile tatu zilinipa raha ambayo siwezi kuieleza kwa ufupi. Ukiliinamia jani la aptenia jua likiwa limekaa upande, unaona limejaa vipele vidogo sana vinavyometameta, kana kwamba limenyunyiziwa maji muda huohuo, na ukiligusa ni kavu. Portulaka ilifunguka jua likichoma na kujifumba alasiri, na evolvulusi ilikuwa imekwisha kufumba kabla yake, kwa hiyo wageni wa jioni hawakupata kuona kitu. Hilo si kosa la kitalu, ndiyo tabia ya maua hayo, ingawa muuzaji mwungwana angemwambia mnunuzi mapema.

Mvua za kwanza zilipokolea, ile "aptenia ya njano" ikaamka. Shina moja lilitoka katika kiriba chake cha zamani, likapita juu ya kokoto, na kila kifundo kilichogusa chini kikatoa mizizi. Si mizizi ya kubembeleza. Niliuinua mkono mmoja wa shina na kukuta umejishika sehemu nyingi kiasi kwamba nilipouvuta ulikatika vipande, na kila kipande kilichobaki kikawa mmea wake. Ua la kwanza lilipochanua nikaona ni la njano, lenye sura ya alizeti ndogo, na hapo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Hiyo ni wedelia, ambayo wataalamu huiita Sphagneticola trilobata, mmea wa Amerika ya kitropiki ambao halmashauri na wenye hoteli huupanda kandokando ya barabara na juu ya kingo kwa sababu unafunika udongo haraka na haudai chochote. Kandokando ya barabara sawa. Katikati ya mawe yangu ulipanda juu ya evolvulusi na kuinyima mwanga hadi ikabaki vijiti. Uliizunguka aptenia pande zote. Uliingia katika nyufa ambazo hata kidole hakiingii, ukatokea upande wa pili wa jiwe.

Jambo lililonichoma zaidi ni mijusi. Sisi tunao mijusi wa miamba ambao jina lao la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na mji huu huu, na madume yao wana kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu iliyoiva. Hao huishi kwa kuota jua juu ya jiwe lililo wazi. Jiwe la chini lilipofunikwa na majani, dume aliyekuwa akikaa pale kila asubuhi hakuonekana tena. Mtu aliyeniuzia mche ule aliniuzia na kuondoka kwa mnyama yule, na sidhani kama amewahi kuliwaza jambo hilo.

Nilirudi kitaluni nikiwa na tawi la wedelia lenye ua lake na kile kijiti chenye maandishi. Sikwenda kugombana. Nilitaka aseme tu kwamba alikosea, au angalau avibadilishe vijiti kwenye viriba vilivyobaki, ambavyo vilikuwa bado vimepangwa palepale. Alilitazama lile tawi, akaendelea kuhesabu fedha za mteja mwingine, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mama, uliomba mmea usiokufa kwa jua. Nimekupa usiokufa. Sasa unalalamika nini?" Wateja wawili wakacheka. Nilimwambia kwamba niliomba mmea wa mawe na kwamba jina lililoandikwa si lake. Akajibu kwamba maua ni maua, majina ni ya watu wa vyuo, na kama sitaki niung'oe. Umri wangu unatosha kumzaa, na hata kiti sikukaribishwa.

Kwamba maua ni maua, sentensi hiyo haikupaswa kutamkwa katika mji huu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji lilionekana katika Ziwa Victoria, na waliokuwapo wanakumbuka ghuba zilivyozibwa, mitumbwi ilivyoshindwa kutoka, na wavuvi walivyokata njia kwa mapanga kabla ya wadudu maalumu wa kulila kuletwa na kuachiliwa majini. Gugumaji nalo ni ua. Watu walilitoa Amerika ya Kusini na kulisambaza duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake ya zambarau. Katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotungwa na wataalamu walio chini ya IUCN, shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira, gugumaji limo, na wedelia imo pia. Muuza miche anayefanya kazi umbali mfupi kutoka ziwa hilo, ambaye anaona hakuna tofauti kati ya mmea mmoja na mwingine, anafanya biashara asiyoistahili.

Hata hivyo haki inanidai niseme lililofuata. Nilipokuwa natoka getini, kijana anayemwagilia miche alinifuata, akaniamkia, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, hiyo ni wedelia. Mimi nilimwambia bosi asiiweke huko." Akaniuliza ninapokaa. Jumapili iliyofuata alikuja na kisu chembamba na ndoo. Alinionyesha kwamba shina la wedelia halivutwi kwa nguvu. Linafuatwa kifundo kwa kifundo, unaingiza ncha ya kisu chini ya kila kimoja na kukinyanyua pamoja na mizizi yake. Kila kipande kiliingia ndooni, na alinikataza kabisa kuvitupa korongoni, kwa maana huko vingeota na kushuka na maji hadi ziwani. Tulivianika juu ya saruji hadi vikakauka vikavunjika, ndipo tukavichoma. Dawa ya kuua magugu tuliikataa sote wawili, kwa sababu ingeua na aptenia, na mtaro wetu unaishia majini kama mitaro mingine ya mlimani. Hakutaka malipo, alikubali chakula cha mchana na vipande vya portulaka ya rangi ya chungwa ambayo kitaluni kwao ilikuwa imekwisha.

Kwa ajili ya kijana huyo nilikuwa tayari kuibadilisha hukumu yangu. Nilikuwa nimeanza hata kuandika kwamba kitalu kile kina miche yenye afya, ambalo ni kweli: aptenia yao ilikuwa na mizizi iliyojaa bila kujizungusha ndani ya kiriba, haikuwa na kidukari hata mmoja, na portulaka yao ilikuwa ya maua yenye petali zilizorundikana, aina ambayo sijaipata kwingine hapa mjini. Miche hiyo hadi leo inashinda. Upande wa juu, ambako wedelia haikufika, aptenia imeshuka juu ya ukingo wa jiwe na kuning'inia, na inachanua hata kiangazi kikiwa kimekaza. Kama ningepima miche peke yake, ningetoa alama za juu bila kinyongo.

Kisha vuli ikaja, na katika ufa ambao tuliukagua wenyewe, kijana na mimi, tukaamini tumeumaliza, yakatokea majani mawili yanayong'aa yenye meno pembeni. Wiki iliyofuata yakatokea mengine kwenye ufa wa jirani. Nikajua kwamba kuna mizizi iliyobaki mahali ambapo kisu hakifiki, na kwamba kila mvua nitapiga magoti kuichokonoa, labda kwa miaka. Nilipopita kitaluni siku chache baadaye kumsalimu kijana yule, nikaambiwa ameacha kazi, na safu ya viriba ilikuwa kivulini vilevile. Vijiti vilikuwa vipya. Maandishi yalikuwa yaleyale: "Aptenia ya njano." Mama mmoja alikuwa amekwisha kuchagua sita. Nilimsogelea nikamweleza ni mmea gani, nikamwonyesha meno ya majani, naye akavirudisha chini kimoja kimoja huku mwenye kitalu akinifokea kwamba ninamfukuzia wateja.

Kwa hiyo sina tena alama za kugawanya kati ya miche mizuri na huduma mbaya. Anayetaka aptenia au portulaka aombe vipande kwa jirani, maana vyote viwili huota kwa kipande, na mimi mwenyewe nitampa atakayefika Isamilo. Anayelazimika kununua asichukue mche wa kutambaa uliokatwa fupi na usio na ua, na jani lenye meno aliache palepale. Fedha zangu sizidai. Ninachomdai mwenye kitalu ni kwamba aving'oe vile vijiti, aandike wedelia, na awaambie wanunuzi inakopandwa na isikopandwa; na mpaka atakapofanya hivyo nitaendelea kupita pale kila ninapokwenda sokoni na kumwonyesha meno ya jani lile kila mteja atakayenisikiliza.