Uzoefu wangu: Nilimpeleka mama kushika theluji, wakamuacha juu ya mlima

Nimekaa na hili jambo muda sasa, nikawa najiambia nikipoa ndio nitaandika, naona sipoi, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Kipindi kile cha joto huko kwao nilimpeleka mama yangu Ulaya. Mama ana miaka sabini kasoro, kazaliwa Marangu, kakulia Marangu, maisha yake yote asubuhi kukiwa hakuna mawingu anafungua mlango anaiona Kibo na theluji yake, na hajawahi kuigusa hata siku moja. Mimi nilishajiapiza kwamba siku nikipata hela huyu mama ataishika theluji kwa mkono wake. Kilimanjaro kwa magoti yale haiwezekani, lakini Uswisi kuna treni inakupeleka mpaka kwenye theluji umekaa kwenye kiti. Nikalipia ile safari ya basi ya wiki moja na ushee, Prague, Vienna, Hallstatt, Salzburg, halafu Luzern na mlima. Kampuni siitaji jina, wenyewe wakisoma watajijua.

Mambo ya bei, hoteli ya nyota ngapi, mizigo kilo ngapi, hayo yote mtayaona kwenye tovuti yao. Mimi nataka kuongelea saa chache tu za siku ile ya mlima, maana ndizo zimenikaa hapa kooni.

Iko hivi. Unalala Luzern, mji uko mita 400 na kitu tu kutoka usawa wa bahari. Asubuhi basi mpaka Grindelwald, pale mnapanda kile kijumba kinachoning'inia kwenye waya, robo saa mko kituo cha Eigergletscher, halafu treni inaingia tumboni mwa mlima wenyewe, giza tupu, handaki la kilomita 7 ambalo wale watu walianza kulichimba 1896 wakamaliza 1912. Mkitoka mko Jungfraujoch, mita 3,454. Sasa wale wa kwetu wanaoujua mlima watanielewa: Horombo, ile kambi ya Kilimanjaro, ni mita 3,720, na mtu anafika pale siku ya pili, kwa miguu, kalala njiani, na mpagazi kamwimbia pole pole tangu getini. Wajomba zangu wamebeba mizigo ya wageni mlima ule miaka na miaka, hakuna hata mmoja aliyewahi kumharakisha mtu akiwa juu. Sisi tulifikishwa kimo kinachokaribia hicho kabla ya chakula cha mchana, halafu huyu mwongoza watalii wetu akatupa saa moja na nusu, pango la barafu, lifti ya kwenda kibaraza cha juu kabisa, picha, zawadi, choo, na mwe kwenye treni.

Nianze na kilicho kizuri maana sitaki kumdhulumu mtu. Tulitoka nje kwenye ule uwanda wa theluji, mama akavua glavu. Nikatoa simu nirekodi, akaniambia, "Mwanangu, weka hiyo simu." Akainama taratibu, akachota, akaifumbata mpaka maji yakaanza kumtiririkia kwenye kifundo cha mkono, akaingiza kidogo mdomoni. Akasema, "Kumbe haina uzito." Mbele yetu ile barafu ya Aletsch inateremka bondeni kama barabara kubwa, kilomita 20 na zaidi, watu wote wanaipiga picha, yeye anaangalia kiganja chake tu. Jamani. Kwa dakika zile mbili ningelipa tena hela yote.

Tulivyorudi ndani ndio kizunguzungu kikamshika. Midomo ikakauka, akasema kifua kinabana kidogo, nikamkalisha kwenye benchi karibu na ngazi, nikamlegeza koti. Muda wa treni ulikuwa bado dakika kama kumi na tano hivi. Ndio yule bwana akatokea. Akaja anapiga makofi, pa pa pa, kama mtu anafukuza kuku kwenye mahindi yake. Mbele ya watu. "Madamu, madamu, twende, kila siku ni nyie!" Nikamwambia mama hajisikii vizuri, naomba dakika kumi au tupande treni inayofuata. Hakuniangalia hata usoni, akaangalia saa yake, akasema basi haliwezi kusubiri watu wawili, akageuka na kile kibendera chake, kundi zima likamfuata. Mama mmoja wa makamo aligeuka kutuangalia, nadhani alitaka kusimama, mumewe akamvuta mkono.

Kila siku ni nyie. Kila siku ipi? Prague tulichelewa dakika tano, mara moja, kwa sababu lile daraja la Charles ni la mawe, lilianza kujengwa 1357, ukitembea na mtu mwenye magoti mabovu unatembea kwa kuhesabu hatua. Vienna kuna wenzetu wawili walipotea ndani ya Schönbrunn tukawasubiri zaidi ya nusu saa, waliporudi akacheka nao. Kwenye basi zima weusi tulikuwa mimi na mama. Sisemi ndio sababu, siwezi kuingia moyoni mwa mtu, lakini nimeyaweka hayo mawili ubavuni na kila nikiyaangalia yananipa jibu lile lile.

Na sasa nikikumbuka, hata vile vingine naviona vibaya. Hoteli ya Vienna iliyokuwa mbali na mji mpaka ukitaka kuona kanisa la Mtakatifu Stefano usiku unahitaji treni mbili. Salzburg tukasimamishwa dakika kumi mbele ya ile nyumba ya njano alikozaliwa Mozart, hakuna kuingia, piga picha twende. Siku zile niliviona vidogo, siku hizi vinanichoma.

Tiketi ya kundi alikuwa nayo yeye. Kwa hiyo tuko juu kule, mita 3,454, mama anahema, sina karatasi yoyote mkononi. Aliyetusaidia ni dada mmoja mfanyakazi wa pale kituoni. Aliniona nimesimama nimeduwaa, akaja akachuchumaa mbele ya mama, akamshika mkono, akaleta maji na chai ya moto, akasema huwa inatokea, ukishuka tu kinaisha. Akapiga simu huko chini, akatupeleka mwenyewe mpaka kwenye behewa, akaongea na mwenzake, hakuna aliyetuuliza tiketi mpaka Grindelwald. Na kweli, kufika Eigergletscher mama kachangamka, anauliza kama nina biskuti. Yule dada sikumuuliza jina na ninajilaumu mpaka leo.

Grindelwald basi hakuna. Nilimpigia yule bwana, akakata. Nikapiga tena, ikawa haipatikani. Nikalia kidogo pale, ukweli ndio huo, mama akaninyamazisha mimi badala ya mimi kumbembeleza yeye.

Tukakata tiketi za treni wenyewe, kwa watu wawili zilinitoka zaidi ya faranga 80, Grindelwald mpaka Interlaken, halafu Interlaken mpaka Luzern. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa na hii tathmini yangu, kwa sababu ile safari ya kurudi, tulioachwa, ndiyo ilikuwa bora kuliko siku zote. Treni inapita imelibana ziwa Brienz, maji yana ile rangi ya Nungwi asubuhi, sikuamini kwamba ni maji ya baridi. Meiringen treni ikaondoka kinyumenyume, nikashtuka nikadhani tumekosea, kumbe ndio njia yake, inageuzia pale, halafu inaanza kupanda Brünig polepole kwa reli ya meno unayasikia kabisa yanang'ata chini. Mama kakaa dirishani. Kuna mahali kwenye mteremko mkali, mzee mmoja na kijana wanakusanya majani kwa reki, mama akanishika goti, akasema, "Hawa nao wanawakatia ng'ombe majani kama sisi." Akaniuliza wanayashushaje, wanahifadhi wapi, ng'ombe wanalala ndani au nje wakati wa baridi, mimi sijui hata kimoja. Siku sita kwenye basi hakuwahi kuuliza swali hata moja, maana kila akifungua mdomo mtu anapiga makofi.

Kwa hiyo nilikuwa nimejipanga niandike msiende. Siwezi. Nendeni. Nendeni na wazazi wenu kabla magoti hayajakataa kabisa. Ila nendeni na treni, wenyewe, mshuke mnapotaka, kule treni zake hata mgeni asiyejua lugha anaelewa ubao. Bebeni sarafu za chooni, Prague wanatumia koruna, Austria euro, Uswisi faranga. Na mkifika juu kaeni chini kwanza, msikubali mtu awakimbize.

Nilitaka kuishia hapo na nyota tatu, kwa ajili ya ile theluji. Lakini kuna kitu nilikijua kesho yake asubuhi ndio kimenifanya nishushe mpaka moja. Dereva, mtu mzima, mpole, hajui Kiingereza sana, alichukua begi la mama akaliweka mwenyewe, akamkalisha kiti cha mbele. Akaniambia kwa maneno yake machache kwamba jana alifurahi kusikia tumeamua kubaki mlimani tupumzike. Nikamuuliza, nani kasema tumeamua? Akamnyooshea kidole yule bwana. Kumbe kwenye basi lile aliwatangazia watu wote kwamba wale wanawake wawili wamependa kubaki, watarudi wenyewe. Ndio maana hakuna aliyeuliza. Ndio maana wenzetu walitusalimia jioni ile hotelini kana kwamba hakuna kitu, na yule bwana alikuwa pale anakula supu yake, mama akapita akamsalimia kwa adabu zake zote, na akaitikia.

Kampuni nimewaandikia barua pepe mara tatu. Wamenijibu mara moja, wakanipa punguzo la safari ijayo. Sikuomba punguzo. Niliuliza swali moja, nani aliwaambia watu kwamba mama yangu alichagua kubaki, na atampigia lini kumwomba radhi. Mpaka naandika hivi sijajibiwa.