Vidonge tupu vya famasi ya Area C, nimetembea navyo miezi saba nikipunguza dawa ya sonona

Wadau habari za leo. Hii itakuwa ndefu kidogo mnivumilie, maana mwaka juzi nilipokuwa natafuta mtu wa hapahapa Dodoma aliyeacha dawa ya sonona, yaani depression, aniambie alifanyaje sikumpata hata mmoja, kila mtu anaficha, mji huu ukitamka tu kwamba unatumia dawa za akili mtu anakuuliza umetoka Mirembe lini, wakati Mirembe ni hospitali kama hospitali nyingine na imetibu watu tangu enzi za mkoloni. Basi mimi nasema. Natumia sertraline, nilianzishiwa baada ya kujifungua mtoto wa pili, nikapanda mpaka miligramu 100 kwa siku, nikakaa nayo miaka miwili na nusu na ilinisaidia sana, sina ubaya nayo kabisa.

Huduma ninayoiongelea iko kwenye famasi moja ndogo Area C. Kuna daktari wa magonjwa ya akili anakaa chumba cha nyuma Jumanne na Ijumaa jioni, halafu mbele yupo kaka mfamasia ndo anatengeneza. Wanakushusha dawa yako taratibu, na pembeni wanakupa kapsuli ambazo ndani hazina dawa yoyote, na WANAKUAMBIA hazina dawa. Kitaalamu inaitwa plasibo. Watu wakisikia wanasema ah dawa feki hizo, hapana, feki ni ile inayojifanya dawa, hii haijifanyi chochote. Kichupa changu cha kwanza ninacho hapa, cheupe cha plastiki, kifuniko cha bluu, lebo kaijaza kwa peni nyeusi kwa herufi kubwa: HAKUNA DAWA NDANI. SUKARI YA MAZIWA TU. 1 ASUBUHI, 1 JIONI UKIHITAJI. Na neno HAKUNA kalipigia mistari miwili chini.

Niwaambie kwanza kwa nini nilifika huko. Mara ya kwanza niliacha mwenyewe. Mshahara ulichelewa, dawa zikaisha, nikamuuliza muuzaji wa duka moja la dawa akaniambia hizo hazina uraibu we acha tu dada. Nikaacha. Siku ya kwanza fresh, ya pili fresh kidogo, ya tatu niko kwenye daladala naenda Mtumba ofisini nikageuza macho kuangalia dirishani kichwa kikapiga shoti. Sijui niielezeje kwa asiyeijua. Ni kama umegusa waya ulioachwa wazi ila waya uko ndani ya ubongo, dzzt, sekunde moja, halafu unabaki umeduwaa, na kila ukigeuza macho inarudia. Kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu usiku mzima, mtoto akidondosha kijiko nalia. Nilidhani ni kiharusi. Siku ya sita nikakopa hela nikanunua dawa, kesho yake jioni yote yakaisha kama hayakuwepo.

Baadaye ndo daktari akanieleza kwamba sertraline nusu yake inatoka mwilini kwa kama siku moja tu, ndo maana siku ya tatu mwili umeshtuka, tofauti na fluoxetine, dawa nyingine ya sonona, ambayo inakaa muda mrefu na inajishusha yenyewe polepole. Na akaniambia kitu ambacho nilitamani yule wa dukani angekijua, kwamba dawa kutokuwa na uraibu hakumaanishi mwili haujaizoea. Hayo ni mambo mawili.

Sasa siku ya kwanza kwa huyu daktari. Nilikaa naye dakika 50, nilihesabu, kwa sababu sijawahi kukaa na daktari yeyote dakika 50. Kauliza nimetulia kwa muda gani, nyumbani kuna amani, kazini kukoje, nani anaishi na mimi. Akasema kabla ya yote nijue kuacha kuna hatari ya ugonjwa kurudi, akanitajia utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 wa watu waliokuwa wamepona vizuri kwenye dawa za muda mrefu, ndani ya mwaka mmoja waliopunguziwa mpaka wakaacha walirudiwa 56 katika kila 100, na walioendelea na dawa walirudiwa 39. Nikasema mbona unanitisha. Akasema sikutishi, nataka uchague ukiwa unaona. Nilirudi nyumbani nikafikiria wiki mbili nzima nikazungumza na mama yangu kule Kondoa ndo nikarudi kusema sawa tuanze.

Kushusha kwenyewe kulikuwa hivi, 100, 75, 50, 37 na nusu, 25, 12 na nusu, kila ngazi wiki nne, na chini ya hapo mfamasia anasaga na kupima kwenye mzani mdogo. Nilidhani ngazi za mwisho zitakuwa mteremko, kumbe ndo mlima wenyewe. Daktari alinichorea kwenye karatasi, dozi ndogo peke yake inafanya sehemu kubwa ya kazi kwenye ubongo, kwa hiyo kutoka 100 kwenda 75 ubongo hausikii sana ila kutoka 12 na nusu kwenda sifuri ni kushuka ghorofa nzima. Karatasi ile niliibandika kwenye friji.

Na kapsuli tupu zinaingiaje? Alinianzishia wiki mbili KABLA ya kupunguza chochote. Asubuhi nakunywa sertraline yangu na kapsuli tupu pamoja, glasi ileile, saa ileile, baada ya swala ya alfajiri. Akasema mwili unajifunza. Ukikaanga kitunguu jirani mate yanamtoka kabla hajaona sahani, hakuna aliyemdanganya, anajua kabisa hakujapikwa kwa ajili yake, na mate yanatoka tu. Hapo nikamuelewa.

Akanitajia tafiti pia. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard huko Marekani walichukua wagonjwa 80 wenye tumbo linalosumbua lile la muda mrefu, karibu nusu wakapewa vidonge tupu wakiambiwa wazi ni vitupu, waliobaki hawakupewa kitu ila walihudumiwa vilevile, baada ya wiki tatu waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa 59 katika kila 100 kwa waliomeza, na 35 kwa wasiomeza. Halafu mwaka 2016 Ureno ikafanyika nyingine ya maumivu ya mgongo, na yenyewe ikatoa nafuu. Hizo ni za tumbo na mgongo, sio za kuacha dawa ya sonona, na daktari alilisema hilo yeye mwenyewe bila kuulizwa. Hapo ndo nilimuamini. Mtu anayekuuzia kitu halafu anakuambia mwenyewe ushahidi wake unaishia wapi, jamani, wangapi?

Kuna namba moja iliyonifungua macho zaidi ya zote. Mwaka 2024 jarida la Lancet Psychiatry lilitoa uchambuzi wa tafiti 79 zenye watu zaidi ya 21,000. Walioacha dawa za sonona, kama 31 katika kila 100 walipata dalili za kuacha. Na walioacha vidonge tupu wakiwa hawajui ni vitupu, kama 17 katika kila 100 na wao walipata. Mwanzo niliumia kusikia, nikaona daktari ananiambia shoti zangu za kwenye daladala ni za kujitakia. Akaniambia hapana mama, hizo zako ni za kweli, za kwenye dawa, na ndo tunashusha polepole kwa ajili yake. Ila hofu nayo ina dalili zake, na hizo tunaweza kuzituliza bila kukuongezea kemikali.

Je, imesaidia? Nitasema kilichotokea tu. Shoti hazikuondoka. Kwenye 25 nilizipata siku kama tisa, kwenye 12 na nusu karibu wiki mbili, nyepesi, sio za daladala. Kapsuli haikuzizuia. Kilichobadilika ni usingizi na kichefuchefu, na zaidi ya vyote ile hofu ya saa kumi jioni, ile ya kuanza kujipima, imeanza? haijaanza? Nikihisi inakuja nilikuwa nafungua kichupa, natoa ile ya jioni, nameza na maji, nakaa kwenye ngazi ya nyuma dakika kumi bila simu. Mume wangu alishaelewa, anawaita watoto ndani. Mara nyingi ilipita. Kama ni kapsuli, au ni ngazi ya nyuma, au ni kushuka polepole, au ni yule mfamasia aliyekuwa ananipigia kila Jumapili saa mbili usiku "shikamoo dada, wiki imeendaje", mimi siwezi kuvitenganisha na sitaki kumuongopea mtu. Vyote nililipia kwa pamoja na vyote nilivihitaji.

Jirani yangu ananiuliza unalipiaje kitu kitupu. Shoga yangu, tumeshalipia vitupu mara ngapi? Umeenda na uchovu umechomwa sindano ya vitamini ambayo huihitaji ukaambiwa ni dawa kali, ukatoka unajisikia vizuri. Ile ndo ya kukasirikia, maana mtu kaamua wewe hustahili kujua. Hapa nimeambiwa kila kitu na bado nimepata nafuu, na siku nikiamua kuacha naacha bila kumuogopa mtu.

Malalamiko sasa, yapo. La kwanza na kubwa, yule binti wa mapokezi. Mwezi wa pili nimeingia watu wamejaa kwenye benchi, akaita kwa sauti "nani yule wa zile za bila dawa, za akili". Benchi zima likageuka. Nilitoka nje nikalia kwenye bajaji. Nikampigia mfamasia, akaomba radhi, na kuanzia hapo nikawa napewa namba, ila lile halikutakiwa kutokea hata mara moja, mtu anayekuja kwa jambo hili amekusanya ujasiri wiki nzima kufika mlangoni.

La pili, zile za kwanza za sukari ya maziwa zilinivuruga tumbo, gesi tupu. Mfamasia akasema kiasi cha kapsuli moja ni kidogo mno kumsumbua mtu, inawezekana ni tumbo langu kweli kwa sababu hata maziwa fresh siyawezi, inawezekana pia nimesoma neno maziwa kwenye lebo mwili ukajiandaa kuumwa, maana matarajio mabaya nayo yanafanya kazi kama mazuri. Hakubishana, akanibadilishia akaweka selulosi, unga wa mimea usio na ladha, na lebo akaandika upya. Tumbo likatulia. Lipi lilikuwa, Mungu ndo anajua.

Waislamu wenzangu, ulizeni ganda. Kapsuli nyingi ganda lake ni jelatini na jelatini inaweza kutoka kwa mnyama yeyote. Mimi niliuliza, akaniletea boksi lenyewe nikasoma kwa macho yangu, ya ng'ombe. Angeniambia tu kwa mdomo nisingeridhika. Na joto la mwezi wa kumi mnalijua, zilishikana zote zikawa donge moja kwenye kichupa, sikuambiwa niziweke wapi. Wekeni kabatini mbali na dirisha, na sio kwenye friji, kule zinanyonya unyevu.

Bei: kumuona daktari mara ya kwanza 40,000, zinazofuata 20,000, kichupa cha kapsuli 60 ni 9,000, sertraline unalipia kwa bei yake. Nililipa keshi mfukoni mwangu. Kwa mshahara wangu iliuma ila nilipunguza mambo mengine.

Kitu kimoja nakiomba kwa mikono miwili. Msisome hapa mkaenda kutupa dawa mkanunua makapsuli matupu mkajitibu. Mwenzangu wa ofisini nilimpeleka kwa nia njema, alitaka abadilishiwe palepale aanze vitupu, daktari akamkatalia, akamwambia wewe bado hujapona, endelea na dawa yako tuonane baada ya miezi sita. Akanuna, ila yuko vizuri sasa hivi na bado anakunywa dawa yake na hakuna aibu yoyote kwenye hilo. Na ukiwa unashusha, dalili za kuacha huja ndani ya siku chache na zina zile shoti na kizunguzungu, sonona ikirudi huja polepole, unaona hamu ya vitu inakufa kimoja kimoja. Ukianza kuona maisha hayana maana usisubiri Jumanne, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali.

Mimi nimefika miligramu 6, wiki ya tatu. Asubuhi mfamasia ananisagia, jioni nina kichupa changu. Juzi mama alikuja kutoka Kondoa, akakiona mezani, akasoma lebo taratibu na miwani yake, akaniuliza "sasa mwanangu kama haina dawa unameza nini?" Nikamueleza yote niliyowaeleza hapa. Akanyamaza, halafu akaenda kunichotea maji.

Nyota nne kati ya tano, ya tano nimeinyima kwa ajili ya lile benchi. Ukienda mwombe mfamasia akupe namba kabla hujakaa, na Jumamosi wanafunga saa saba mchana, mimi nilifika saa tisa na bajaji ya 4,000 nikakuta kufuli.