Mtungi wa Alumini wa 80: Hewa Yake Hutosha kwa Muda Gani?

Mtungi wa hewa wa alumini uitwao wa 80 ndio ambao wazamiaji wengi hukabidhiwa wanapokodi vifaa, na kwa sababu hiyo unastahili kupimwa kwa hesabu. Namba hiyo ni ya futi za ujazo, lakini mtungi ukijazwa hadi shinikizo lake halali la bari 207 (bari moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida juu ya maji) huchukua futi 77.4 tu, yaani takribani lita 2,200 za hewa iliyoshindiliwa katika nafasi ya lita 11.1. Upungufu huo ni mdogo, ila mnunuzi ana haki ya kuujua.

Hata hivyo, ujazo peke yake hausemi hewa itadumu dakika ngapi. Shinikizo la maji huongezeka kwa bari moja hivi kila mita 10, hivyo kila pumzi ya kilindini humeza hewa nyingi kuliko pumzi ya juu. Anayevuta lita 20 kwa dakika nje ya maji atavuta 40 akiwa mita 10, 60 akiwa mita 20, na 80 akiwa mita 30. Tuseme mtungi umejazwa hadi bari 200, na bari 50 zimewekwa akiba isiyoguswa: bari 150 zilizobaki, zikizidishwa kwa 11.1, ni lita 1,665. Kiasi hicho hutosha dakika 41 kwenye mita 10, dakika 27 kwenye mita 20 na dakika 20 tu kwenye mita 30, tena kabla ya kuhesabu hewa ya kushuka na kupanda. Kwa hiyo nikisikia mtungi huu ukisifiwa kuwa ni wa saa nzima, huuliza: kwa kina gani, na kwa mapafu ya nani? Anayepambana na mkondo au kutetemeka kwa baridi anaweza kuvuta kiasi cha lita 30 kwa dakika badala ya zile 20 za juu ya maji, na hapo muda wote nilioutaja hupungua kwa theluthi.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni uzito. Hewa yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu, hivyo mtungi unaozama kidogo ukiwa umejaa huanza kuelea unapokaribia kuisha, wakati uleule ambao mzamiaji anahitaji kutulia mita 5 kabla ya kutoka. Inambidi avae vipande vya ziada vya madini ya risasi, vya kumzamisha, tangu mwanzo. Mtungi wa chuma wa lita 12, unaojazwa hadi bari 232, hubeba hewa nyingi zaidi na hauna tabia hiyo kwa kiwango hicho, ingawa unyevu ukiingia ndani huota kutu.

Kwa mizamo isiyopita mita 18 ningeuchukua wa alumini bila kusita. Kwa mita 30 ningetafuta wa chuma wa lita 15. Wowote utakaochagua, usiamini geji ya mtungi uliotoka kujazwa ukiwa bado na joto, kwa kuwa shinikizo hushuka unapopoa. Isome tena kabla ya kuingia majini.