Nilikodi skana fainali ya NASCAR pale Phoenix, nikakaa ndani ya redio ya namba 11 mpaka dakika ya mwisho (uzoefu wangu)

Ni wiki ya tatu sasa watu wananipigia kuniuliza ile skana ya kukodi uwanjani ina maana au ni hela ya kutupa, kwa hiyo naandika mara moja yaishe. Nilikodi tarehe 2 Novemba 2025, fainali ya NASCAR Cup, ligi kubwa ya mbio za magari Marekani, pale Phoenix Raceway, Avondale, Arizona, nikiwa na mwanangu wa kiume wa miaka 12. Jibu fupi, kodi. Jibu refu bado linaniuma, maana hiyo ndo siku Denny Hamlin, dereva wangu wa gari namba 11, aliukosa ubingwa zikiwa zimebaki lapu (mizunguko ya uwanja) tatu tu, na mi nilikua masikioni mwao muda wote.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, skana ni kiredio kidogo cha kushika mkononi, kama redio za walinzi, kinatoka waya unaingia kwenye hedifoni kubwa zile za kufunika sikio lote. Kila timu ina masafa yake ambayo dereva, mkuu wa mafundi na spota wanaongea, na hayafichwi, shabiki anaruhusiwa kusikiliza. Ya kukodi inakuja imeshapangwa, unabonyeza namba ya gari tu basi, 11, umeingia. Ukitaka kusikia waamuzi wa NASCAR wenyewe ipo chaneli yao, ukitaka watangazaji wa redio nao wapo. Spota kama humjui ni yule jamaa anayesimama juu kabisa ya paa la jukwaa, ndo macho ya dereva, maana dereva kafungwa mikanda na kofia hawezi kugeuza shingo akaona nani yuko ubavuni, sasa yule wa juu anamwambia kila sekunde, yuko ndani, yuko nje, uko huru, pita.

Mi ni dereva wa lori, hiyo I-10 inayopita Avondale naijua kama kiganja changu, na kilichonivuta kwenye NASCAR kiukweli sio mwendo, ni tairi. Mtu anabeba tairi nne na mafuta ya kuhesabu na lazima aamue lini aingie piti, yaani pale pembeni wanapobadili tairi na kujaza mafuta, abadili ngapi, aweke kiasi gani, hiyo ni kazi yangu kabisa ila kwa haraka ya ajabu. Mzee mmoja wa Virginia pale yadi ndo alinipa Hamlin, kwa sababu Hamlin kakulia kwao, Chesterfield, akanisimulia jinsi wazazi wake walivyojinyima na kuuza vitu ili kijana aendelee kukimbia. Nikashika hapo hapo sijaachia. Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, anazo tatu, 2016, 2019 na 2020, lakini ubingwa wa msimu hana hata mmoja, na mwaka 2010 aliingia mbio za mwisho pale Homestead akiongoza pointi bado akatoka bila kombe.

Sasa msimu wa 2025 ulikua wa kwake, nyie. Timu ya Joe Gibbs ilimpa mkuu mpya wa mafundi, Chris Gayle, na wakaelewana kama wamekua pamoja miaka kumi. Martinsville kashinda, Darlington kashinda, Michigan, Dover, kwenye mchujo wa mwisho wa msimu akachukua uwanja wa Gateway. Kansas ile ya mwisho wa Septemba nilishindwa kula, kaongoza lapu 159 huku usukani una hitilafu, anapigana na gari zito mkono kwa mkono, afu lapu ya mwisho wanasuguana na Bubba Wallace ambaye anaendesha gari la timu ya Hamlin mwenyewe, ile aliyoianzisha na Michael Jordan, na Chase Elliott akapita akaondoka na ushindi. Halafu Las Vegas tarehe 12 Oktoba akashinda, ushindi wa 60 wa maisha yake, na ushindi ule ukampeleka moja kwa moja kwenye fainali ya watu wanne. Aliposhuka kwenye gari alikua analia akimtaja baba yake aliyekua anaumwa. Mi nilikua nimepaki kwenye kituo cha malori nikisikiliza kwa programu ya simu, na hapa niseme wazi, simu sio skana. Sauti ilikua haiendani na picha, mara naona gari limeshapita ndo nasikia spota anamwambia apite, mara inakatika kabisa. Uwanjani ndo mbaya zaidi, watu wote wale wanatumia mtandao mmoja, hata meseji ya kawaida inagoma. Skana inachukua mawimbi ya redio moja kwa moja hewani, spota akifungua mdomo umeshasikia, sawa sawa na Hamlin.

Haya, siku yenyewe. Bei ilikua dola hamsini na kitu kwa siku, hedifoni moja, ya pili unaongezea, na wanazuia hela kwenye kadi yako mpaka urudishe. Foleni ilikua ndefu na inaenda taratibu, dirisha liko moja tu, mi nilisimama karibu dakika arobaini. Nenda mapema kuliko unavyofikiri. Jambo la pili, kabla hujaondoka dirishani mwambie akuonyeshe alama ya betri kwenye skrini. Mi sikuangalia. Katikati ya mbio nikaanza kusikia tii, tii, kila baada ya muda kidogo, nikadhani ni kwenye gari la Hamlin kumbe ni betri yangu inakufa. Ikabidi niteremke ngazi zote zile nikabadilishiwe, na walinibadilishia bila maneno, lakini nilikosa bendera ya njano nzima (ile magari yote yanapunguza mwendo baada ya ajali) na kuanza upya kwake, na nilikua nimemuacha mtoto kwa watu baki. Hiyo iliniudhi kweli kweli, maana mtu anayelipa anategemea kitu kilichochajiwa. Pia sponji ya hedifoni ya mtoto ilikua imechanika upande mmoja, inamchoma nyuma ya sikio, nikaitandikia leso.

Ila hata kama hupendi timu yoyote, vaa zile hedifoni. Magari ya NASCAR hayana cha kuzuia mlio, yakipita kundi zima unahisi kifuani sio masikioni, na kwa mtoto usithubutu kumkalisha pale bila kuziba masikio. Tulikaa safu za chini, vipande vidogo vya mpira wa tairi vinaruka mpaka kwenye soda, mwanangu aliokota kama sita akaviweka mfukoni.

Mfumo wa fainali wa 2025 kwa asiyefuatilia: walibaki wanne, Hamlin na mwenzake Chase Briscoe wa Joe Gibbs, Kyle Larson na William Byron wa timu ya Hendrick. Walikua wanakimbia pamoja na magari mengine yote, lapu 312, na katika hao wanne aliyemaliza mbele ya wenzake watatu ndo alikua bingwa, haijalishi mbio kashinda nani. Hamlin alianza wa kwanza. Na akaendesha, yaani aliendesha, lapu 208 aliongoza yeye. Mwanangu alikua anahesabu kwa kalamu nyuma ya tiketi mpaka nafasi ikaisha.

Na hapa ndo skana inajilipa. Bila redio unaona magari yanazunguka maili moja, mazuri, yanapiga kelele, yanazunguka tena. Ukiwa ndani ya redio unajua kwa nini kapunguza kona ya pili, unajua nyuma yake kuna nani na anamfikia kwa kiasi gani, unajua gari linateleza mbele au nyuma na piti ijayo watalirekebisha vipi. Mwanangu alianza kutabiri, ananivuta shati, baba, sasa hivi wanamwita. Na kweli wanamwita. Baada ya saa moja ile lugha yao ilishamuingia, na mi nikawa najisikia kama tuko watu wa timu, tumepewa viti kwa bahati mbaya huku juu. Siku ile tairi zilikua zinasumbua magari mengi, na kila mtu akipasuka mbele yetu mi nasikiliza kwanza Hamlin yuko salama ndo natazama ni nani.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa makamo na skana yake mwenyewe, kofia ya namba 5, wa Larson. Tulisalimiana asubuhi tukagawana karanga. Kelele zile hamna kuongea, basi mchana wote tuliongea kwa vidole, ananionyesha kwenye redio yake wanasema nini, na mi namuonyesha ya kwangu.

Zimebaki lapu tatu. Hamlin mbele, ubingwa wake, miaka ishirini ya kusubiri. Mwanangu ameshasimama juu ya kiti. Taa ya njano niliiona kabla sijaisikia. Byron tairi imepasuka, gari limeingia ukutani. Nikaweka mikono yote miwili juu ya hedifoni nikabana kama vile nikibana sana wataamua vizuri. Wote wakaingia piti. Gayle akaagiza tairi nne. Nilimgeukia yule mzee nikamuonyesha vidole vinne. Yeye alinitazama kidogo, akainua viwili.

Dereva yeyote wa gari kubwa anajua hesabu hii. Nne zinakupa gari zuri lakini zinakula sekunde, na sekunde pale piti ni nafasi barabarani. Larson na tairi zake mbili akaanza upya wa tano, Hamlin na nne akaanza wa kumi, na zimebaki lapu mbili za nyongeza, maana huwa wanaongeza ili mbio zisiishie chini ya njano. Pale Phoenix wakianza upya magari yanakata njia ya mkato kwenye kona ya mbele, yanajitawanya mpaka chini kabisa, kila mtu anatafuta upenyo, na kwenye sikio langu sauti ya spota inakwenda mbio, ndani, nje, bado yupo, bado yupo. Lapu mbili hazikutosha. Hamlin wa sita, Larson wa tatu, na Larson ndo bingwa bila kuongoza hata lapu moja siku hiyo. Mbio zenyewe kashinda Ryan Blaney.

Mimi simlaumu Gayle. Narudia kwa sababu nimeshabishana na watu wawili kuhusu hili. Siku ambayo tairi zinapasuka hovyo, unaongoza, unaona wa nyuma wako nao wanaweza kuchukua nne wote, unachukua nne. Angechukua mbili ikapasuka wangemsema hao hao.

Yule mzee hakushangilia. Alivua kofia yake ya 5, akanishika bega, akakaa. Mwanangu alikua bado kavaa hedifoni, hataki kuvua, nikamuuliza unasikia nini, akasema, baba, tulia kwanza. Tukatulia. Tulikaa pale mpaka wafagiaji wakafika safu yetu.

Kurudisha ilikua rahisi kuliko kuchukua. Binti wa dirishani aliipokea akawa anafuta hedifoni na kitambaa, akatazama skrini, ilikua bado imesimama kwenye 11. Akaniambia pole. Hela ya kwenye kadi ilirudi baada ya siku tatu bila usumbufu.

Sasa kwa mtu anayeuliza akodi au anunue. Kama unaenda mbio mara moja kwa mwaka, kodi, usijisumbue, maana masafa yanabadilika na wao wanakupangia. Kama una mtoto, lipia hedifoni ya pili na waya wa kugawa, usifanye ile ya kupokezana, mtagombana lapu ya kumi. Kama unafuatilia timu msimu mzima kama mimi, nunua, hata ya mkononi, ukikodi mara chache tu umeshafika bei yake. Chagua inayotumia betri za kawaida za AA, hizo unazipata kituo chochote cha mafuta na hutegemei mtu alichaji au hakuchaji. Na hedifoni usinunue ya bei chee, hiyo ndo inalinda masikio.

Mi nimeshanunua, imetumika kidogo, ina matundu mawili ya hedifoni. Masafa kaingiza mwanangu mwenyewe juzi usiku pale meza ya jikoni, anasoma kwenye karatasi na kubonyeza, kaanza na 11, ya pili kaweka 5 kwa ajili ya yule mzee tukikutana tena. Hamlin ana mkataba mpaka 2027, na fainali ya mwaka 2026 inarudi Homestead kule Florida, kule kule alikoangukia 2010. Kutoka hapa ni siku tatu nne za barabara. Kazini nimeshaomba zile tarehe.